Salamu Iliyofunga Kwanga

Mnaniuliza kila mara kwa nini mimi, mzee niliyekwisha kustaafu na ninayekuja redioni kunywa chai yenu tu, naruka kwenye kiti kila mmoja wenu anapofuta salamu mwanzoni mwa mahojiano. "Papa Simoni, salamu zinakula muda," mnaniambia. "Msikilizaji anataka habari." Bon. Leo vueni hivyo vitu vya masikioni, nami nitawaeleza jinsi salamu za mtu mmoja zilivyonizungusha mji mzima wa Kisangani, mpaka nikamkimbiza kuku, na jinsi mwenye salamu alivyokaribia kupotea.

Nilianza kazi hii miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa natengeneza baiskeli na gramafoni kule Kabondo, na siku moja mkubwa wa studio akaniita nimfungulie mashine yake ya kunasa sauti iliyokuwa imekwama. Nilimkuta mende ndani. Nikamtoa mende, nikapewa kazi. Yaliyobaki nilijifunza peke yangu, kwa kufungua na kufunga, nikifuata picha za kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijerumani.

Mtu aliyejifunza peke yake ana hofu moja: anadhani kila anayepita atagundua kwamba hajui. Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya fundi, na ndiyo iliyonikondesha. Nilikuwa narudia jambo dogo mpaka linachoka. Siku ya kwanza niliporuhusiwa kusema "Habari za jioni" kwenye utepe, nilirudia na kurudia, mara sauti nene, mara nyembamba, mpaka Papa Shabani akafungua dirisha, akatazama nje, akaniambia mimi mdogo wake: "Petit, sasa useme habari ya usiku. Ile jioni yako imekwisha enda."

Papa Shabani alikuwa mtangazaji wetu, Mwislamu kutoka Maniema, mtu mnene mwenye sauti ya kumfanya hata tajiri akuhurumie. Alitafuna tangawizi kabla ya kila kipindi na hakujua hata kitufe kimoja cha mashine. Lakini alijua watu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni hahojiwi akiwa na njaa, kwamba ukimwona anatazama mlango unyamaze kwanza, na kwamba kipaza sauti hakisukumwi mdomoni mwa mtu. "Yeye haiko mugonjwa ya meno," alikuwa akiniambia.

Zamani hizo sauti ilikaa kwenye utepe wa rangi ya kahawia, mwembamba kuliko kidole, unaozunguka kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoa neno, unalitafuta kwa mkono, unavuta utepe mbele na nyuma huku ukisikiliza, unaweka alama kwa penseli, unakata kwa wembe kwa mshazari, kisha unaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Nilipogundua jambo hilo nilifurahi kama mtu aliyepewa ruhusa ya kusahihisha dunia. Nilikata vikohozi. Nilikata "euh" za wakubwa. Padri mmoja nilimkata pumzi zote, kila mahali alipovuta hewa, akabaki maneno matupu yanayofuatana kama siafu. Nilijiona bingwa. Kesho yake mama mmoja wa Kabondo alikuja studioni amefunga kanga ya kilio, akauliza padri amezikwa wapi. "Nimesikia jana," akasema. "Mutu anaongea hivyo bila kupumua, asubuhi haimukuti."

Hamjaniuliza vile vipande vilivyokatwa vilikwenda wapi. Nje ya lango letu alikaa Mama Veronika, mama wa mtoni, kutoka upande wa Yanonge, akiuza kwanga, ule mkate wa muhogo unaopikwa ndani ya majani. Alizifunga tatu tatu pamoja baada ya kupoa, na kamba zilikuwa zinamsumbua. Siku moja akaona kapu langu la vipande vya utepe. Akavuta kimoja, hakikukatika. Tukapatana hapo hapo: mimi nampa kapu, yeye ananipa kwanga. Kwa hiyo kila takataka niliyoiondoa kwenye maneno ya watu niliila na samaki. Na Kisangani nzima, kutoka sokoni mpaka bandarini, ilikuwa inakula kwanga zilizofungwa kwa vikohozi vya wakubwa.

Sasa tuje kwa Dokta.

Alikuwa Mbelgiji mrefu, daktari wa magonjwa ya akili, na alikuja studioni mwenyewe na kofia mkononi. Alisema kuna utafiti mpya duniani. Zamani mgonjwa wa kichwa alifungwa, akamwagiwa maji baridi, au alidungwa sindano ya kumlaza kutwa nzima. Sasa kulikuwa na vidonge vinavyotuliza zile sauti na ule woga bila kumfanya mtu gogo. Mgonjwa anaamka, anakula, anaongea na wewe. Tatizo, alisema, watu wa mji hawaamini. Akimponya mtu, jamaa hawaji kumchukua. Alitaka tuwe na kipindi cha robo saa kila wiki, yeye aeleze utafiti, na wale waliopona waeleze wenyewe.

Jambo zuri. Ila Dokta alikuwa amejifunza Kiswahili kwa mpishi wake, na maneno yake yote yalitoka jikoni. Kipindi cha kwanza Papa Shabani akamuuliza wazimu ni nini. Dokta akafikiri, akajibu: "Kichwa iko sawa na sufuria. Moto iko mingi, uji inapanda, inamwagika. Batu wanasema, tupa sufuria! Hapana. Sufuria iko muzuri. Dawa mupya inapunguza moto."

Nilitaka kufa. Huo ndio utafiti wa sayansi? Nilitaka kukata sufuria yote, nibakize "dawa mpya", lakini Papa Shabani alikalia wembe wangu, kweli kabisa alikalia, akanizuia. Kipindi kikaenda kama kilivyo. Wiki ile watu walifika hospitalini wakiulizia dawa ya uji. Mzee mmoja alimleta mkewe mwenye hasira. Wengine, wachache, walileta wagonjwa wa kweli waliokuwa wamefungwa nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo mji ukamwita Dokta Sufuria, naye alipenda, akaweka sufuria moja ya alumini juu ya meza yake.

Kunasa sauti kule wodini kuna ufundi wake. Ondoa feni, maana kwenye utepe feni ni ndege inayotua. Ukiona wingu, maliza upesi, kwa sababu bati likianza kupigwa na mvua hutasikia kitu. Tandika blanketi mezani ili vidole vya mgeni visipige ngoma. Na usimuulize mtu kama amepona. Muulize ameamkaje. Na kabla ya yote muonyeshe mashine, umsikilizishe sauti yake mwenyewe ili asiiogope.

Hili la mwisho nilijifunza kwa Alphonse.

Alphonse Lokuli alikuwa karani wa mizigo bandarini, kijana wa mtoni, kwao Yanonge. Alipougua alisikia sauti zikimwambia kwamba meli zote za mto zimezidi uzito, akaanza kutupa magunia ya mpunga majini. Jamaa wakamrudisha nyumbani, kule akapasua mtumbwi wa jirani kwa shoka, kwa sababu hiyo hiyo ya uzito. Mwishowe noko wake, yaani mjomba wake, akamfunga kamba kwa mikono yake mwenyewe na kumleta hospitalini. Sasa alikuwa ametumia vidonge miezi kadhaa, ametulia, ana mzaha, na aliandika barua za wagonjwa wenzake kwa mwandiko wa karani.

Nilipomrudishia sauti yake kwenye mashine, alisikiliza hadi mwisho, akanitazama kwa huruma.

"Simoni, hii sauti inatoka kwa mutu, na ule mutu haongei?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaisikia?"

"Naisikia."

"Kila siku?"

"Kila siku, ndiyo kazi yangu."

Akamgeukia Dokta. "Docteur, mimi walinifunga kamba kwa hii. Huyu anapata mushahara."

Dokta alicheka mpaka akavua miwani.

Mpango ulikuwa huu. Alphonse ataongea redioni, kipindi cha Alhamisi. Kule Yanonge mfanyabiashara mmoja alikuwa na redio ya betri na aliiweka mlangoni mwa duka, kijiji kizima kikasikiliza. Jamaa walikuwa wamepelekewa ujumbe: sikilizeni mtoto wenu, kisha Jumapili mje kumchukua. Kitanda chake kilitakiwa. Mgonjwa asiyechukuliwa na jamaa alipelekwa kwa meli mpaka kwenye nyumba kubwa ya wagonjwa wa akili, mbali sana kule chini ya mto, na waliokwenda kule hatukusikia wakirudi. Meli hiyo ingepita mbele ya Yanonge bila kusimama.

Basi, Papa Shabani akamuuliza: "Alphonse, dawa mpya imekusaidia namna gani?"

Alphonse akakaa sawa, akakohoa, akaanza kusalimu. Alimsalimu mama yake: ameamkaje, goti lake je, na paa la jikoni limeezekwa? Akamsalimu kaka yake na mke wa kaka. Akamsalimu yule jirani, akamwambia ule mtumbwi atauchonga mwingine. Akamsalimu noko Yenga. Akaulizia mpaka mbuzi wao mkorofi, jina lake Kapita. Nilikuwa natazama saa na kutafuna kucha. Utepe ulizunguka, robo saa inaliwa na mbuzi! Hatimaye, hatimaye, akafika kwenye dawa, na hapo alieleza vizuri kuliko hata Dokta: jinsi sauti zilivyorudi nyuma kidogo kidogo, kama watu wanaoondoka kwenye kilio, mpaka ikabaki nyumba yake peke yake.

Mmekwisha jua nilichofanya. Nilikaa na wembe wangu, nikakata salamu zote, kutoka mama mpaka mbuzi. Kikawa kipindi safi. Papa Shabani siku hiyo alikuwa msibani, hakuwepo wa kukalia wembe. Swali likaulizwa, Alphonse akajibu moja kwa moja: "Dawa inapunguza sauti." Kapu likaenda kwa Mama Veronika, nami nikala kwanga zangu nikiwa na amani ambayo sijaipata tena.

Jumapili Alphonse alivaa shati jeupe, akakaa bandarini juu ya sanduku lake. Mitumbwi ikaja, mitumbwi ikaenda. Jioni alirudi wodini amebeba sanduku kichwani.

Jumatatu asubuhi nilipita langoni, Mama Veronika akakataa kunipa kwanga.

"Wewe ndiye unatengeneza yale maneno ya redio?"

"Ndiyo mama."

"Basi uliharibu mutoto wa batu. Ndugu zangu wamefika na mtumbwi, wanasema Yanonge wote walisikiliza. Mama yake alikaa mbele na kitambaa kipya. Wakasikia Alphonse anaulizwa, na yeye, tac, anaanza na dawa! Hakuna mama, umeamkaje. Hakuna noko. Noko Yenga akasimama akasema: mutu amepona, anasalimia. Huyu hajaona hata kama tuko. Bado iko mugonjwa. Wakaenda kulala. Mama yake analia mpaka leo."

"Lakini alisalimia!" nikasema. "Alisalimia mpaka mbuzi!"

"Sasa hizo salamu ziko wapi?"

Nilitazama kwanga zake. Zilikuwa zimepangwa mezani vizuri, tatu tatu, kila furushi na mkanda wake wa kahawia.

Mnafikiri nilianza kutafuta palepale? Hapana, kwanza nilikimbilia njia rahisi. Nilipeleka mashine wodini, nikamwomba Alphonse asalimu upya. Alinisikiliza nikiungama yote, huku akikunja shati lake jeupe.

"Mimi nilisalimia mara moja," akasema. "Nikisalimia tena, watasema nimefundishwa na docteur. Na wewe utakata tena, ninakuona macho. Hapana. Mutu aliyebeba salamu yangu, airudishe yeye."

"Alphonse, meli inakuja Jumamosi."

"Ninajua. Nilikuwa karani wa meli."

Basi nikamrudia Papa Shabani, nikamweleza. Hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alivaa kofia yake tu, akasema: "Allons, twende tukanunue chakula."

Sheria ya Mama Veronika ilikuwa moja: ukifungua, umenunua. Kwa hiyo tulinunua. Tulirudi studioni na kwanga za kulisha msiba, tukafungua mafurushi moja moja, nikapitisha kila kipande kwenye mashine. Kipande cha kwanza: "euh." Cha pili: kikohozi cha mkubwa mmoja wa serikali, nilikijua kwa sababu nilikitoa kwa taabu. Cha tatu: pumzi ya padri. Papa Shabani alikaa pembeni akila, maana kwanga iliyofunguliwa haifungwi tena. "Huyu padri," akasema, "pumzi yake iko na chumvi."

Nilipokaribia kukata tamaa, mashine ikasema, kwa sauti ya Alphonse: "Mama, umeamkaje? Ile goti?"

Sijui kama nilipiga kelele. Papa Shabani anasema nilimkumbatia, nikampaka gundi.

Siku zilizofuata tulizunguka. Salamu ya kaka ilikuwa imefunga sabuni kwenye kibanda cha bandarini. Ya jirani na mtumbwi wake tuliikuta kwa fundi viatu, anaipimia mguu wa mteja. Kila mahali Papa Shabani alianza kwa kumsalimu mwenye mali, ameamkaje, watoto je, mpaka miguu yangu inawaka moto. Kisha tulipewa kipande bila ubishi. Mimi nilipotangulia nikaomba moja kwa moja, nilifukuzwa kwa ufagio.

Alhamisi mchana kilibaki kipande kimoja kirefu, chenye noko na mbuzi pamoja. Mama Veronika akakumbuka: kilinunuliwa na mama mmoja wa Kabondo, mwenye kuku. Tukaenda kwa baiskeli, mimi nakanyaga, Papa Shabani nyuma kama gunia la chumvi. Yule mama akatuonyesha uani. Pale, amefungwa mguu kwenye mti wa mpapai kwa utepe wa kahawia, alisimama jogoo mwekundu.

"Polepole, petit," Papa Shabani akanong'ona. "Umusalimie kwanza."

Alikuwa anatania, lakini heri ningalimtii. Niliruka. Jogoo naye akaruka, utepe ukakatika katikati, akapita juu ya ua na nusu ya salamu mguuni. Tulimkimbiza kwenye mihogo ya jirani, tukapita katikati ya watoto wa shule waliokuwa wakimshangilia jogoo, tukamkamata kwenye mtaro. Kipande cha mpapai kilikuwa kizima. Kipande cha mguuni kilikuwa kizima karibu chote. Kati yao palikuwa pamekosekana kiasi cha shubiri mbili; jogoo alikuwa amekiburuza kwenye matope na kukichana.

Tulifika studioni kipindi kinakaribia. Niliosha, nikakausha kwa shati, nikaunganisha. Sasa sikilizeni vizuri, ninyi mnaopenda kazi safi. Sikuweza kuacha pengo. Kuacha ukimya katikati ya sentensi, mimi? Nilichukua zile ncha mbili, nikazikata kwa mshazari mmoja, nikazibana. Kilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Ungepitisha kucha usikihisi. Muda wa kusikiliza haukuwepo. Gurudumu likazunguka, kipindi kikaenda hewani.

"Mama, umeamkaje? Ile goti?" Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo kwa utepe kuvutika, lakini ni yeye. Kaka. Mke wa kaka. Jirani na mtumbwi. Nilianza kupumua. Kisha Alphonse akasema, kwa upole mkubwa, katika jimbo zima:

"Na noko Yenga, ile mikono yako bado inaiba mihogo ya batu?"

Papa Shabani alimeza tangawizi nzima.

Alichokuwa amesema Alphonse kweli ni salamu mbili. Ya kwanza ilikuwa kuhusu mikono ya noko. Ya pili ilikuwa: na Kapita, yule mbuzi wetu, bado inaiba mihogo ya batu? Jogoo alikuwa amekula mwisho wa noko na mwanzo wa mbuzi, na mimi kwa ufundi wangu nikavifanya jambo moja.

Ijumaa sikutoka nyumbani. Dokta alituma mtu kuuliza: "Mihogo iko ugonjwa gani? Mimi hapana soma hii kwa kitabu."

Jumamosi meli ilikuwa imefunga bandarini, ikipakia. Nilikwenda wodini nikiwa na mashine begani, nadhani nilitaka kunasa angalau neno la kuaga. Alphonse alikuwa juu ya sanduku, shati jeupe, tayari. Nilimwambia kuhusu mihogo. Alitazama chini, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemrudishia ugonjwa. Kumbe anacheka.

"Noko yangu," akasema, "alikuwa mwalimu wa dini. Mihogo! Ataniua."

Hakumaliza. Mlango ulisukumwa kwa kasia. Aliingia mzee mfupi mwenye mabega mapana, nguo zimelowa mpaka kiunoni, kasia mkononi kama mkuki. Alikuwa amepanda mto kutoka Yanonge, kinyume cha maji, tangu kulipokucha Ijumaa. Dokta alisimama, mimi nikajificha nyuma ya Dokta.

"Niko Yenga," mzee akasema. "Batu wote ya mto wananicheka. Batoto wananiimbia mihogo. Nani amesema naiba? Nimekuja anambie kwa macho."

Nikajitokeza. Nikafungua mdomo nieleze jogoo, utepe, wembe, lakini nilimsikia Papa Shabani kichwani mwangu, ingawa hakuwepo, na mtakubali kwamba pale palikuwa mahali pabaya pa kusikia sauti. Nikasema: "Papa, umeamkaje? Mto je?"

Alinitazama. Kasia likashuka kidogo. "Mto iko mingi," akajibu. "Nimefika."

"Na mama yake Alphonse?"

"Ameanza kula. Alisikia salamu yake." Akageuka polepole. "Kila mutu alisikia yake. Yangu tu..."

Alphonse alikuwa amekwisha kusimama.

"Noko," akasema.

"Mm."

"Umeamkaje, noko?"

"Nimeamka."

"Ulilala wapi njiani?"

"Kwa kisiwa. Mbu ilikuwa mingi."

Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye kitufe cha mashine. Salamu ile nzima, safi, bila pengo! Mzee hakugeuza hata shingo.

"Funga ile kitu," akaniambia. "Hii iko yangu."

Nikaifunga.

Alphonse akasema: "Noko, ile mikono yako. Siku ile ya kamba, mimi niliona damu. Sikuweza kukuuliza. Ilipona?"

Mzee aliegemeza kasia ukutani. Alifungua viganja vyote viwili, akavitazama yeye kwanza, kisha akavinyosha mbele. "Angalia wewe mwenyewe, karani."

Alphonse akavishika, akavigeuza kwenye mwanga, akavikagua kama mzigo uliofika salama. Kisha wakakaa wote wawili juu ya sanduku, na wakaanza upya kutoka mwanzo: goti la mama, paa la jikoni, kaka, mke wa kaka, jirani.

Honi ya meli ikalia bandarini. Hakuna aliyegeuka. Dokta akatoa saa yake, akaitazama, akaniinamia sikioni.

"Simon," akanong'ona, "hii itakwisha saa gani?"

"Rudisha saa mfukoni, Docteur," nikamwambia. "Bado hawajafika kwa mbuzi."